Kutoka Mlimani City hadi karatasi ya kura: mgombea urais wa chama kidogo hupitia milango mingapi?

Agosti 4, 2015, katika ukumbi wa Mlimani City jijini Dar es Salaam, mkutano mkuu wa CHADEMA ulimpitisha Edward Lowassa kugombea urais. Waziri mkuu huyo wa zamani alikuwa na siku saba tu tangu aihame CCM, chama tawala. Agosti 5, 2020, ukumbi ule ule, ACT-Wazalendo wakampitisha Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, waliyempokea chamani mwezi uliotangulia. Agosti 6, 2025, ACT-Wazalendo tena, zamu hii wakampitisha Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM na waziri wa mifugo na uvuvi enzi za Magufuli. Mpina alikuwa amejiunga na chama jana yake.

Majina ya Lowassa na Membe yalifika kwenye karatasi ya kura. La Mpina halikufika, ingawa wajumbe walimpa zaidi ya asilimia 90 ya kura zao.

Tangu hapo nimewasikia watu wengi, wakiwemo waliosoma sheria, wakiuliza swali moja: inakuwaje mkutano mkuu, ambao ndicho kikao cha juu kabisa cha chama, uamue jambo kwa kura ya siri, halafu uamuzi huo ufutwe na watu ambao hawakuwamo ukumbini? Jibu lipo, ila limetawanyika kwenye Katiba ya nchi, sheria mbili, katiba ya chama na kanuni zake. Ukilikusanya pamoja utaona kwamba mkutano mkuu ni mlango wa kwanza tu, na milango inayofuata funguo zake ziko mifukoni mwa watu wengine.

Kwa nini lazima upite chamani

Tuanzie kwenye Katiba. Ibara ya 39 inasema mtu hawezi kuchaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kama si raia wa kuzaliwa, hajatimiza miaka 40, au si mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Hilo la mwisho ndilo linaloubeba mjadala wote. Kwetu mgombea binafsi hayupo.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili zaidi ya miaka 20. Mahakama Kuu ilimkubalia mara mbili. Mara ya kwanza, miaka ya mwanzo ya vyama vingi, Bunge likabadilisha Katiba na kuufunga mlango. Mara ya pili, Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wake mwaka 2010, ikisema suala hilo ni la kisiasa na mahali pake ni Bungeni. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na Juni 2013 mahakama hiyo ikasema katazo hilo linavunja haki za raia. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Katazo lipo hadi leo.

Hii ndiyo sababu ya misafara ya Agosti. Mwanasiasa mwenye jina anapokatwa chama tawala, hawezi kusimama peke yake hata kama ana watu nyuma yake. Anahitaji chama, na anakihitaji haraka, kwa sababu kalenda ya Tume ya Uchaguzi haimsubiri mtu. Chama kidogo nacho kina usajili, bendera na matawi, lakini mara nyingi hakina mtu anayejulikana kuanzia Mtwara hadi Kagera. Kila mmoja ana kitu anachokosa mwenzake. Simlaumu yeyote kati yao kwa kukutana, ila ndipo matatizo yanapoanzia.

Ndani ya ukumbi

Mkutano mkuu wa chama kidogo ni kazi kubwa kuliko unavyoonekana kwenye runinga. Wajumbe wanatoka mikoa yote na visiwani pia. Wa Kigoma wapande basi la mchana na usiku, wa Pemba wavuke kwa boti. Nauli, malazi na chakula vyote ni juu ya chama, na ruzuku ya serikali hufuata wingi wa wabunge na kura, hivyo chama kisicho na wabunge kinaishi kwa michango. Ndiyo maana vyama vingi vidogo hufanya kikao cha siku moja, na vingine mgombea wao hupitishwa kwa kauli moja bila mpinzani.

Mlangoni kuna meza na daftari la mahudhurio. Mjumbe anaonyesha barua ya mkoa wake, jina lake linatafutwa kwenye orodha, anatia saini, anavishwa kitambulisho shingoni. Wengi huliona kama jambo la makarani, lakini nakuomba ulitazame daftari lile kwa makini, maana ndilo linalothibitisha akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Akidi isipotimia, au wakiingia ukumbini watu wasiostahili kupiga kura, mwanachama yeyote aliyenuna anaweza kulichukua daftari hilo kama ushahidi kwamba mkutano haukuwa halali. Nyimbo, sare za zambarau na hotuba ndefu hazihesabiki mbele ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Kinachohesabika ni muhtasari na daftari.

Halafu yupo mgombea mwenza. Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili, na wote wawili wapendekezwe na chama kimoja. Mwaka 2015 vyama vinne vya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, vilikubaliana Lowassa agombee kupitia CHADEMA, na mwenza atoke CUF, chama chenye nguvu Zanzibar. Kwa makubaliano ya kisiasa hilo lilitosha. Kwa sheria halikutosha, kwa hiyo Juma Duni Haji, makamu mwenyekiti wa CUF, ikabidi ajiuzulu chama chake na kuchukua kadi ya CHADEMA ndipo asimame. Mzee aliyekuwa na CUF kwa miaka mingi alibadilisha chama ili karatasi mbili zisomeke sawa. ACT-Wazalendo mwaka 2025 hawakuwa na shida hiyo: Mpina anatoka Simiyu, na mwenza wake, Fatma Ferej, ni Mzanzibari na mwanachama wao.

Siku hiyo hiyo, wajumbe wale wale, ukumbi ule ule, walimpitisha pia Othman Masoud Othman, mwenyekiti wa chama, kugombea urais wa Zanzibar. Naomba ulishike hili. Tutalirudia.

Wadhamini 200 kila mkoa

Mkutano ukiisha, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi humkabidhi mgombea fomu. Fomu hizo zinataka wadhamini: wapiga kura walioandikishwa, wasiopungua 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar. Hao ni watu 2,000 kwa uchache. Chama kikubwa hukusanya idadi hiyo asubuhi moja, kwenye mikutano ya hadhara yenye shangwe. Chama kidogo ni vijana wawili watatu wenye faili, wakipita sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, wakiomba kadi za mpiga kura, wakinakili namba tarakimu moja moja. Ukikosea tarakimu moja, mdhamini huyo amepotea, kwa sababu msimamizi wa uchaguzi lazima athibitishe kwamba kila aliyetia saini yumo kwenye daftari la wapiga kura. Ndiyo maana anayejua kazi hii hasimami kwenye 200. Hukusanya ziada.

Kuna dhamana ya fedha pia, shilingi milioni moja, na kiapo mbele ya jaji. Hayo hayajawahi kuwa kikwazo kikubwa. Vyama vidogo kabisa huvuka hapa kila uchaguzi, na wapo wagombea waliofika ofisi za Tume, Njedengo, Dodoma, wakiwa kwenye bajaji. Watu huwacheka. Mimi nadhani wanastahili heshima: kukusanya saini 2,000 zenye namba sahihi bila fedha ni kazi ya kweli ya siasa, pengine ya kweli kuliko nyingi zinazofanywa na wenye magari.

Msajili na kanuni za chama mwenyewe

Sasa tumefika penye fundo.

Katika Sheria ya Vyama vya Siasa kuna afisa anayeitwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ambaye huteuliwa na Rais. Kazi yake haiishii kwenye kuandikisha. Anavisimamia vyama, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza nguvu zake juu ya mambo ya ndani ya vyama. Kwa lugha nyepesi, chama kikiandika katiba na kanuni zake na kuziwasilisha kwake, Msajili hujiona mlinzi wa maandishi hayo.

Kanuni za ACT-Wazalendo zilikuwa zinataka anayeomba kuteuliwa awe amekuwa mwanachama kwa muda uliowekwa kabla ya uteuzi. Mpina alikuwa na siku moja. Kiongozi mmoja wa chama hicho, wa ngazi ya mkoa, akapeleka malalamiko kwa Msajili kwamba uteuzi umekiuka kanuni. Chama kikajibu kwamba mkutano mkuu ndiyo mamlaka ya juu na uamuzi wake ni halali. Agosti 26, 2025 Msajili akatamka kwamba uteuzi wa Mpina ni batili.

Hebu tulitazame hili pande zote mbili, maana ushabiki umelifunika.

Malalamiko yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Kanuni ya muda wa uanachama imewekwa ili kumlinda mwanachama wa kawaida, yule aliyelipa ada miaka kumi na kutandika viti mikutanoni, asije akaamka siku moja na kukuta mgeni wa jana amepewa nafasi ya juu kuliko zote. Na vyama vyetu vidogo vina tabia mbaya: vinaandika kanuni nzuri wakati wa utulivu, halafu jina kubwa likibisha hodi vinaziruka kana kwamba zimeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo walionja gharama yake. Walimpitisha Membe, kampeni ikapoa, na kabla ya siku ya kura viongozi wakuu wa chama, akiwemo Maalim Seif Sharif Hamad, wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe akasema yeye bado ni mgombea, na kwa sheria alikuwa sahihi, jina lake likabaki kwenye karatasi. Alipata kura 81,129. Mwaka 2015 chama kile kile, kikiwa kichanga, kilikuwa kimepata 98,763 kupitia Anna Mghwira, mwanachama wake mwenyewe. Hesabu hizo mbili zinatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kumkimbilia mgeni.

Lakini kukubali kwamba kanuni ilirukwa si sawa na kukubali dawa iliyotolewa, na hapa msimamo wangu hauyumbi. Kanuni ya chama ni mali ya wanachama. Imewekwa kwa ajili yao, na wajumbe waliopiga kura siku ile ndio wanaowawakilisha hao wanachama. Kama wamekosea utaratibu, dawa ni kuwaambia warudi wakae upya na waamue wakiwa wanajua, au waachiwe wakashitakiane mahakamani wenyewe kwa wenyewe. Kilichofanyika ni kumwondoa mgombea siku moja kabla ya uteuzi wa Tume. Kati ya mkutano mkuu na tamko la Msajili zilipita siku 20. Katika siku hizo mkutano mwingine ungeweza kuitishwa. Baada ya Agosti 26 usingewezekana, kwa sababu Agosti 27 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurejesha fomu.

Kitu cha pili kinachonikera ni nani aliyepoteza. Aliyelalamika alitaka kanuni za chama chake ziheshimiwe. Mwisho wake, mamilioni ya wapiga kura wasiokuwa na kadi ya chama chochote ndio waliopunguziwa chaguo. CHADEMA ilikuwa imeshawekwa nje ya uchaguzi tangu Aprili, kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. ACT-Wazalendo ikitoka, vyama hivyo viwili vya upinzani havikuwa na mtu kwenye kura ya urais wa Muungano.

Tume, mahakama, Tume tena

Agosti 27 Mpina na wenzake walifika Njedengo wakiwa na fomu zao zilizojazwa. Hawakuruhusiwa kuingia. Makabrasha yale yenye maelfu ya saini, ya watu walionakiliwa namba zao sokoni na vijiweni, yaliishia getini.

Chama kikakimbilia Mahakama Kuu Dodoma. Septemba 11 majaji watatu wakaamua kwamba Tume ilikosea kumzuia mgombea kurejesha fomu, wakaagiza zipokelewe. Septemba 13 zikapokelewa. Wengi walishangilia wakidhani safari imekwisha, kwa kuwa hawakujua kwamba baada ya kupokelewa fomu kuna hatua nyingine, ya pingamizi. Fomu zikishapokelewa huwekwa wazi, na sheria inataja wanaoweza kuzipinga, miongoni mwao wagombea wengine na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu akaweka pingamizi: mtu huyu hana uteuzi halali wa chama, kwa sababu Msajili ameutengua. Septemba 15 Tume ikalikubali. Jina likatoka kwa mara ya pili, siku mbili tu baada ya kuingia.

Utaona jinsi uzi unavyozunguka. Tamko la Msajili lililomzuia Agosti kwa njia moja ndilo lililomwondoa Septemba kwa njia nyingine. Mahakama iligusa mlango wa getini, haikuwa imeng'oa mzizi wenyewe. ACT-Wazalendo walirudi mahakamani, na katikati ya Oktoba shauri lao likatupwa.

Hapa kuna ibara moja ambayo kila Mtanzania anapaswa kuijua kwa namba: 74(12). Inasema hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza jambo lolote lililotendwa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Ndugu yake ni 41(7), inayosema Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Wanasheria wanabishana mipaka ya 74(12) iko wapi, na uamuzi wa Septemba 11 unaonyesha kwamba mlango haujakomewa kabisa. Hata hivyo, chama kinachoenda kortini wiki sita kabla ya kura kinapanda mlima huku saa ikikimbia. Majirani zetu Kenya walishauvuka mlima huu: Katiba yao ya 2010 inaruhusu mgombea binafsi wa urais na inaruhusu matokeo ya urais kupingwa Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 iliyafuta.

Sasa turudi kwa Othman Masoud. Nilikuomba umshike. Alipitishwa siku ile ile, na mkutano ule ule. Urais wa Zanzibar una Katiba yake, na tume yake ya uchaguzi, ZEC. Mwanachama wa siku nyingi, hakuwa na tatizo la muda. Fomu zake zilipokelewa, akateuliwa, akafanya kampeni Unguja na Pemba. Kwa hiyo mkutano uliotangazwa kuwa ulizaa mgombea batili ulizaa pia mgombea halali, ndani ya siku moja. Ukitaka kujua kwa hakika kwamba kilichopingwa hakikuwa mkutano wenyewe bali mtu mmoja na tarehe iliyo kwenye kadi yake, ushahidi ni huo.

Kwa chama chochote kidogo kinachofikiria 2030, kazi iko mezani leo, si Agosti ya mwaka huo. Kama kanuni yenu inataka mwezi mmoja wa uanachama, ama muifuate au mkutano mkuu uibadilishe mapema, kwa akidi kamili, muhtasari uandikwe, na nakala ifike kwa Msajili ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Kama mnajua mwanasiasa fulani huenda akakatwa kwao Julai, zungumzeni naye kabla, si siku atakapofika na msafara. Na wanachama wenye manung'uniko wapewe kikao cha kuwasikiliza ndani ya chama, kikao cha kweli chenye majibu ya maandishi, maana mtu aliyekosa mahali pa kusemea nyumbani atakwenda kusema kwa jirani.

Uchaguzi ulifanyika Oktoba 29, 2025, siku ya maandamano, ya damu na ya intaneti iliyokatwa. Karatasi ya kura ya urais wa Muungano ilikuwa na majina 17. Mwanachama wa ACT-Wazalendo aliyekwenda kupiga kura Pemba siku hiyo alipewa karatasi ya urais wa Zanzibar, akamkuta mwenyekiti wake. Akapewa ya urais wa Muungano, akatafuta nembo ya chama chake kutoka juu hadi chini, haikuwamo.